Picha Hii Itakaa Wapi?

Tangu nirudishe ufunguo wa chumba cha usanifu na kuagwa kwa soda na keki, simu yangu haijapumzika. Vijana niliowaacha kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, hapa Bukoba mjini, wananipigia kuuliza jambo lilelile: "Mama, hii picha tunaruhusiwa kuitumia?" Nimewajibu nikiwa shambani, nimewajibu nikiwa kwenye foleni ya hospitali, na juzi nilijibu kanisani, padre akiwa mlangoni mwa sakristia. Naona niandike mara moja, kila mtu asome, nami nivune maharage yangu kwa amani. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuwa vidogo, na havimfundishi mtu kitu.

Kazi nilianzia studio ya picha, siyo kiwandani. Nilitoka Kanazi nikiwa nimemaliza kidato cha nne, sijui hata taa ya studio inawashwaje, nikapokelewa na Bwana Jayanti. Huyu alizaliwa Bukoba kama baba yake, katika zile familia za Wahindi wenye maduka ambazo sasa zimebaki chache. Kihaya chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu. Ndugu zake walihama mmoja mmoja, yeye akabaki. Akiulizwa kwa nini, alisema negativu zote za mji huu ziko kwake, na mtu hawezi kuhama na mji mzima.

Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha kamera. Alinipa kiti kando ya kaunta, akaniambia nisikilize. Akiingia mteja, Bwana Jayanti hakumuuliza anataka saizi gani. Alimuuliza, "Picha itakaa wapi?" Ya kitambulisho aliipiga haraka, mwanga mwingi, uso mbele. Ya ukutani sebuleni aliipiga polepole, akimnyoosha mtu kola. Ya kubandikwa kwenye msalaba wa kaburi aliitafuta katika negativu zake za zamani, na hapo hakusema neno mpaka kazi iishe. Kuna kijana mmoja alidai yake ni ya kitambulisho, lakini alikuwa amejipaka mafuta mpaka masikioni na amekuja na shati la pili mfukoni. Bwana Jayanti akamtazama, akasema, "Hii inaenda ukweni. Kaa vizuri." Kijana akacheka, akakaa vizuri.

Dirisha la studio lilikuwa na picha za maonyesho, maharusi na watoto wa komunyo. Hakuna hata moja iliyowekwa pale bila mwenyewe kuulizwa. Mimi niliona huo ni usumbufu, maana picha tumepiga sisi na karatasi ni yetu. Akaniambia, "Picha ina wenyewe wawili, aliyepiga na aliyepigwa. Wewe unayeibandika ni wa tatu, kwa hiyo kaa kwa adabu." Sijasoma sheria yoyote ya hakimiliki iliyoniambia zaidi ya hayo. Zimeniambia tu kwa kurasa nyingi.

Simu za kamera zilipoingia, studio ilikufa kama studio zote. Bwana Jayanti alifunga mlango, akanipa kamera yake ya mwisho, ya dijitali, ambayo hakuwahi kuipenda, na mimi nikahamia kiwanda cha uchapaji. Huko hatukupiga picha. Tulipanga kadi, kalenda, mabango ya fleksi, na lebo za asali na mvinyo wa ndizi, na picha zilitoka kwenye sahani za CD, baadaye mtandaoni. Ndipo nilipokutana na hizi tunazoziita picha za stoku, yaani zilizopigwa tayari na watu wa mbali, zimewekwa kwenye tovuti zinamngoja anayezihitaji.

Wateja wengi walikuja na picha kwenye simu wakisema, "Nimeitoa mtandaoni," kama mtu anayesema ameitoa mfukoni. Nyingine zilikuwa bado na maandishi hafifu ya tovuti katikati ya uso wa mtu. Mteja mmoja aliniomba niyafute. Nilimwomba kwanza anisomee yanasema nini, akasoma, akaondoka na flashi yake akiwa amenuna.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ukilipia picha ya stoku hujainunua. Ni kama kuruhusiwa kukata nyasi za rweya, ule uwanda wa nyasi wa kijiji kizima. Unakata, unabeba, unatandaza kwenye kibanja chako chini ya migomba, na hakuna wa kukufukuza. Lakini rweya haijawa yako, na kesho jirani atakuja kukata palepale. Leseni ya kawaida ndivyo ilivyo. Inakupa ruhusa ya bango, kipeperushi na ukurasa wa mtandaoni, na inampa mwingine yeyote ruhusa hiyohiyo. Nilijifunza hilo kwa maharusi. Jozi mbili za parokia moja, Jumamosi moja, zilichagua picha ileile ya mikono miwili yenye pete juu ya waridi jeupe, moja kwetu na nyingine kwa mchapaji wa mtaa wa pili. Mjomba wa bwana harusi wetu aliona picha ya kadi yake mlangoni, akaingia ukumbi usio wake. Alikula, akatoa zawadi, akacheza, na aligundua walipofika kutambulisha ndugu.

Ukitaka kuuza kitu ambacho picha ndiyo inayokiuza, kama fulana, kikombe au kalenda, leseni ya kawaida haitoshi, tafuta ile pana zaidi. Ukiona pameandikwa kwamba picha ni kwa habari tu, iache, hata kama ni nzuri kiasi gani, kwa sababu mara nyingi aliyepigwa hakutoa kibali cha kutangaza biashara ya mtu. Na za bure nazo zina leseni. Bure maana yake hulipi, haina maana kwamba hakuna mwenyewe.

Halafu kuna picha yenye leseni safi lakini haifai. Tuliwahi kuchapa bango la kuwahimiza wavuvi wa kisiwa cha Bumbire wavae maboya. Mteja alichagua mwenyewe picha ya mvuvi mwenye tabasamu, ameinua samaki mwekundu wa baharini mwenye miiba mgongoni. Kila kibali kilikuwepo. Nilipata habari baadaye kwamba mkutano mzima kisiwani uliishia kubishana samaki yule ni wa ziwa gani, na maboya hayakutajwa. Mwingine alitaka bango la kifua kikuu lenye uso wa dada mrembo wa stoku. Nilimsomea kifungu kinachokataza kumwonyesha mtu kana kwamba ana ugonjwa ambao hana. Akauliza, "Kwani atajua?" Nikamwambia ndugu zake watajua. Tukachora mapafu badala yake.

Sasa niwaeleze ile kazi ambayo kila mara mnaniuliza, ya kahawa ya Buganguzi.

Alikuja Ma Advera, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokaanga na kusaga kahawa yao wenyewe kule Buganguzi, wilaya ya Muleba. Mwaka huo walikuwa wamekataa kuwauzia walanguzi buni, jambo ambalo waume zao waliliona ni wazimu. Walikuwa wamepata mnunuzi, kijana wa Mwanza aitwaye Edgar, anayesambaza bidhaa kwenye hoteli na maduka makubwa. Edgar aliahidi kuchukua kahawa yote ya msimu kwa sharti moja: iwe na sura ya mtu, sura hiyo isajiliwe kama alama ya biashara, na karatasi za haki ya picha ziwe safi. Aliwahi kuondolewa bidhaa dukani kwa sababu ya picha ya watu, hakutaka tena. Asipochukua yeye, kahawa ingekaa kwenye magunia mpaka ipoteze harufu, na akina mama wale wasingepata tena ujasiri wa kuwanyima walanguzi.

Ma Advera alikuwa na picha tayari. Mwanamke mzee, kitambaa kichwani, anacheka na kahawa mkononi. Nilipoitafuta ilikotoka nikaona ni ya nchi nyingine, na ni kwa habari tu. Tukatafuta zenye kibali cha biashara. Tukapata binti mwenye kucha zilizopakwa rangi, anachuma kahawa mbichi ya kijani kama anayechuma maua. Ma Advera akasema huyo hata kibarua asingempa. Na hata angempenda, isingefaa, kwa sababu leseni za stoku haziruhusu ufanye picha ya watu wote kuwa alama yako peke yako. Vijana, hapa shikeni. Nembo usijenge juu ya picha ya stoku.

"Basi tupige wenyewe," nikasema. "Nani kwenu ana sura ya kahawa?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mama mkwe."

Nikapanda gari na Ma Advera mpaka Buganguzi, nikiwa na kamera ya Bwana Jayanti. Bibi Kemilembe tulimkuta uani anageuza buni kwenye jamvi kwa mguu, fimbo mkononi. Nilimsalimia, "Kasinge waitu," akaitikia, akatuletea akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna anazopewa mgeni. Nilimpiga picha akiwa kazini, bila kumwambia acheke, na alipoinua uso kuniangalia nilijua nimepata. Kisha nikakaa kumweleza karatasi ya kibali, na yeye akaniuliza kwa Kihaya swali ambalo sikuwa nimelisikia tangu studio ilipofungwa.

"Mwanangu, picha hii itakaa wapi?"

Nikamwambia, kwenye pakiti ya kahawa.

"Na mtu akimaliza kahawa, pakiti anaiweka wapi?"

Mimi na Ma Advera tulikuwa tumepita stendi ya Muleba asubuhi ileile, tukikanyaga pakiti tupu za kila aina.

"Sitaki kukanyagwa," akasema. "Nimezaa, nimezika, nimelima hapa. Sitaki mtu asiyenijua anikanyage usoni akipanda gari."

Ma Advera alikuwa na magunia yanamngoja, na subira ikamwishia. "Bojo, tafadhali Mama, ni karatasi tu. Si wewe."

"Kama si mimi, mmekuja kunitafuta wa nini?"

"Mama, kikundi kizima kinakutegemea."

"Nimesikia. Sijakataa. Niweke kwenye kitu ambacho mtu hatupi."

Ma Advera alinigeukia akitaka nimsaidie kumshawishi. Sikuweza. Maisha yangu yote nilikuwa nikisoma masharti ya watu wa mbali: picha hii isiwekwe hapa, isitumike vile, isizidi hivi. Tuliyatii bila kuwaona sura. Bibi huyu alikuwa na sharti moja, na alikuwa amekaa mbele yangu. Nikampigia Edgar simu palepale, nikamwambia sura ipo ila ni ya kopo, siyo pakiti.

"Kopo ni gharama, Mama," akasema.

Nikamtumia picha. Akaitazama, akasema watalii wanapenda makopo, na kwamba ataona. Kesho yake akakubali, akilalamika.

Kibali nilikiandika kwa Kiswahili na kumsomea kwa Kihaya. Sharti lake nililiweka juu kabisa, kabla ya jina la kikundi: sura ya Bibi Kemilembe haitawekwa kwenye kifungashio cha kutupwa. Alitia saini kwa herufi za shule ya katekisimu, kubwa na zilizonyooka. Edgar naye akasaini. Kopo la kwanza lilipotoka nililipeleka mwenyewe. Bibi aliligonga kwa ukucha, akafungua kifuniko, akafunga, akauliza kama chumvi haitapata unyevu humo. Nilipoaga niliona kopo amelishikilia tumboni kwa mikono miwili.

Kahawa ile iliuzika. Siyo hotelini tu. Hata hapa kwetu watu walinunua kopo kwa ajili ya kopo. Ndivyo ilivyokwenda miaka kadhaa, mpaka Bibi akafariki.

Nilikwenda msibani. Jikoni majirani walikuwa wameleta vitu vyao kama ilivyo desturi, huyu sukari, huyu majani ya chai, huyu chumvi, na karibu kila kitu kilikuja ndani ya kopo lile. Yalipangwa kwenye ubao juu ya mafiga, na Bibi Kemilembe kwenye kila moja, anatutazama tunavyopikia wageni wake. Ma Advera alisimama mbele ya ule ubao muda mrefu kuliko unaohitajika kuchukua sukari. Nililia pale jikoni, wala si kwa sababu ya moshi.

Haikupita muda mrefu Edgar akaja ofisini kwangu na wazo jipya. Pakiti ndogo za vibandani, za kikombe kimoja, bei ya mtu yeyote. Zingeuza kuliko makopo, na kikundi kingeweza kununua buni ya wanawake wengine wa Buganguzi. Lakini alitaka sura ileile, kwa sababu ndiyo watu waliyoizoea.

"Kuna sharti," nikamwambia.

"Mama, Bibi ameshapumzika. Nani atalalamika?"

Nikamjibu kitaalamu, maana ndiyo kazi. Sharti halifi na mtu, lakini warithi wanaweza kuandika kibali kipya. Mume wa Ma Advera, mtoto wa pekee wa Bibi, alishasema kwamba mambo ya kahawa ni ya mkewe na atasaini popote mkewe atakaposaini. Kwa hiyo yote yalibaki kwa Ma Advera, yuleyule aliyesema ni karatasi tu. Akina mama wa kikundi walikuwa wanamsukuma wakitaka pakiti, na walikuwa na haki ya kuzitaka. Alikuja, akakaa karibu na Edgar, nikamwekea karatasi na kalamu. Nilitamani asisaini. Sikusema, kwa sababu msanifu haulizwi hilo.

Ma Advera alishika kalamu, akamgeukia Edgar. "Hizi pakiti zitakaa wapi?"

"Vibandani, stendi, kila mahali," Edgar akajibu kwa bashasha. "Mpaka visiwani."

Akaiweka kalamu chini. "Basi, hapana."

"Ma Advera, bila sura haziuziki. Mimi siwezi kubeba hasara."

"Nimesikia, baba. Nami nitarudi kwa wenzangu kusikia matusi yao. Lakini aliomba kitu kimoja."

Edgar alitoka nje kupiga simu, akarudi. Alikuwa tayari kujaribu mzigo mmoja bila sura. Usipouzika, pakiti zinakufa, na hakuahidi kwamba makopo yataendelea. Ma Advera akakubali. Nikachora tawi la kahawa kwa mkono, penseli kwanza, halafu wino, majani saba na punje zilizobanana kwenye kifundo kama za kwetu zinavyobanana. Sikulipia leseni kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho kwenye meza ile, na nilistaafu kabla ya kujua kama imeuzika. Kumpigia Ma Advera simu niliogopa.

Wiki iliyopita nilikwenda Muleba kumtembelea dada yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, stendi ni matope matupu, na kati ya maganda ya ndizi na vocha nikaliona tawi langu. Kisha nikaliona jingine mbele ya kibanda cha chai, na mengine yamezagaa mpaka kwenye mfereji. Nilifurahia uchafu kwa mara ya kwanza maishani, maana pakiti tupu ni kahawa iliyonywewa. Mama muuza chai alikuwa anaweka sukari kutoka kwenye kopo la Bibi, limechubuka kingo kwa kufunguliwa, uso bado safi.

Niliinama nikaokota pakiti moja, nikaifuta tope kwa kidole, nikaigeuza mbele na nyuma. Majani saba, punje zangu, jina la kikundi. Nikairudisha chini palepale, nikaikanyaga kwa mguu mzima, nikasimama juu yake kidogo. Hapakuwa na mtu chini yake.